Pensheni Zenu Ndogondogo Ziko Wapi?



Mwezi huu hatutazungumza juu ya wivu, wala ulevi, wala ugomvi wa mashemeji. Tutazungumza juu ya karatasi. Nasema zile karatasi kuukuu zilizo chini ya godoro, au ndani ya sanduku la bati, au katikati ya kitabu ambacho hakuna anayekisoma. Huenda mtauliza, "Karatasi zina uhusiano gani na ukurasa wa ndoa?" Zina uhusiano mkubwa. Sikilizeni kwanza habari ya mama huyu.

Mama mmoja alifika katika ofisi ya parokia wiki chache baada ya kumzika mumewe. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani na kuishi pamoja miaka 27. Alikuja na kiondo mkononi. Alipokiweka mezani na kukifungua, ndani hamkuwa na mboga wala mayai ya kumpelekea padri. Mlikuwa na kadi ya zamani ya NSSF, barua ya kuachishwa kazi kutoka kiwanda cha sukari, karatasi ya pensheni ya hoteli moja ya pwani, kitambulisho cha kazi cha kampuni ya ulinzi, na karatasi ya mshahara ya shule ambako mumewe alikuwa dereva mpaka siku alipougua. Marehemu alikuwa na umri wa miaka 58. Miaka miwili tu ilibaki astaafu.

Mama yule akauliza, "Padri, hizi ni pesa au ni takataka?"

Zilikuwa pesa. Hazikuwa pesa za kununua nyumba mjini, lakini zilitosha kumaliza karo ya kitinda mimba na kumpa mjane mahali pa kuanzia. Shida ni kwamba alipoanza kuzifuatilia, kila mlango ulikuwa na kufuli lake. Mahali pa kwanza, fomu ya mrithi ilikuwa na jina la mama mzazi wa marehemu. Aliijaza akiwa kijana wa miaka 24, kabla ya kuoa, na mama huyo alikwisha kufariki zamani. Mahali pa pili palikuwa na jina la kaka yake. Mahali pa tatu, ofisi ilikuwa imehama na mfuko ulikuwa umekabidhiwa wasimamizi wengine. Mahali pa nne, sehemu ya jina la mrithi ilikuwa wazi kabisa. Miezi ikapita, nauli ikaisha, viatu vikachakaa.

Lakini neno lililomwumiza mama huyo zaidi halikuwa safari. Alisema hivi: "Padri, miaka 27 nimempikia, nimezaa naye, nimemwuguza. Sikujua hata kwamba huko hotelini aliacha akiba. Nilidhani namjua."

Mumewe hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na nyumba ndogo, wala hakuwa mlevi. Alinyamaza tu. Na mkewe naye hakuuliza.

MAKOMBO YALIYOKUSANYWA

Mnakumbuka Injili ya Yohane, sura ya 6. Bwana wetu alilisha wanaume wapatao 5,000 kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili wa mtoto mmoja. Watu wakala wakashiba. Hapo ndipo Yesu alipofanya jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Aliwaagiza wafuasi wake wakusanye makombo, pasipotee kitu. Wakajaza vikapu 12.

Tafakarini kidogo. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate angeweza kusema, "Acheni hayo makombo, kesho nitafanya mingine." Hakusema hivyo. Muujiza haukuwapa ruhusa ya kutupa. Kile kilichotoka katika mkono wa Mungu, hata kikiwa kipande kidogo kilichoanguka majanini, kina heshima yake.

Tazameni jambo la pili. Makombo hayo hayakukusanywa na mfuasi mmoja gizani. Waliifanya kazi hiyo pamoja, mbele ya watu, na kila mmoja aliona vikapu ni vingapi.

Pensheni zenu ndogondogo ni makombo ya namna hiyo. Ni vipande vya jasho lenu. Kila mwezi, kabla mshahara haujafika nyumbani, kipande fulani kilikatwa na kuwekwa kando. Kanisa halijachukulia jambo hili kuwa dogo. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu ya mwaka 1981, aliitaja pensheni ya uzeeni miongoni mwa haki za mfanyakazi. Kwa hiyo fedha hizo si bahati nasibu wala zawadi ya mwajiri. Ni haki yenu. Lakini haki isiyofuatiliwa hulala, na ikilala sana husahauliwa.

KWA NINI VIPANDE NI VINGI?

Baba zetu wengi walifanya kazi mahali pamoja maisha yao yote. Mtu aliajiriwa reli, akastaafu reli. Siku hizi sivyo. Mtu hufanya kazi miaka minne kwenye shamba la maua, mitatu dukani, sita hospitalini, kisha anahamia shirika jingine. Kila mahali anaacha kipande.

Kwanza ipo NSSF, Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, iliyoanzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mchango wake ulikuwa mdogo: shilingi 200 za mfanyakazi na shilingi 200 za mwajiri kila mwezi. Pigeni hesabu. Ni shilingi 4,800 kwa mwaka, yaani shilingi 48,000 kwa miaka kumi, bila kuhesabu faida. Sheria mpya ya mwaka 2013 ilikaa mahakamani muda mrefu, ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Tangu hapo mchango ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, hadi kikomo ambacho kimekuwa kikipandishwa kwa awamu. Tena, sehemu ya pili ya mchango huo mwajiri aweza kuruhusiwa kuipeleka katika mfuko mwingine. Kwa hiyo msidhani kila kilichokatwa kiko NSSF. Ulizeni.

Pili ipo mifuko ya pensheni ya waajiri wenyewe. Hii inaongozwa na Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997, na inasimamiwa na mamlaka ya serikali iitwayo RBA. Kila mfuko una wadhamini wake. Fedha za mfuko hutengwa na fedha za kampuni. Maana yake, kampuni ikifungwa, mfuko haukuwa mali yake, na akiba yako haipaswi kufa pamoja na kampuni. Watu wengi hawalijui hili. Wakisikia kiwanda kimefungwa, wanasema, "Basi, pensheni imekwenda," na hawaulizi tena.

Kwa watumishi wa serikali kuna mpango wao. Tangu Januari 2021 upo mfuko mpya ambao mtumishi naye huchangia, lakini wengi wa wale waliokuwa na umri mkubwa walibaki katika utaratibu wa zamani. Kama mmoja wenu ni mtumishi wa serikali, ajue kwa hakika yuko upande upi.

ANZENI NA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nunueni daftari moja la shule. Jioni moja, watoto wakiisha kulala, zimeni redio, kaeni mezani wawili. Leteni karatasi zote, za baba na za mama. Mwanamke wa Injili aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi aliwasha taa na kufagia nyumba yote. Ninyi nanyi washeni taa, mfagie.

Andikeni kazi zote mlizowahi kufanya, tangu ile ya kwanza. Kwa kila kazi andikeni jina la mwajiri, mwaka wa kuanza na mwaka wa kuacha, nambari ya kazi, nambari ya uanachama wa mfuko, kama kuna fedha mlichukua mlipoondoka, na jina la mrithi mliloandika. Msipokumbuka, wachieni nafasi wazi. Nafasi hizo ndizo safari zenu za miezi ijayo.

Kisha ombeni taarifa ya NSSF. Mnaweza kuipata katika ofisi zao au katika vituo vya Huduma, mkiwa na kitambulisho. Ikaguenni mwaka kwa mwaka. Wapo waliokatwa fedha kwenye mshahara na mwajiri asizipeleke. Wapo waliosajiliwa mara mbili wakawa na nambari mbili, kila moja na kiasi chake. Karatasi za mshahara mlizotaka kuwashia moto ndizo ushahidi wenu. Msizichome.

Kwa mifuko ya waajiri, andikeni barua kwa wadhamini wa kila mfuko, mkiambatanisha nakala ya kitambulisho na ya barua ya kuacha kazi. Mwanachama ana haki ya kupewa taarifa ya akiba yake. Kama hamjui mfuko ulikohamia, ulizeni RBA. Na kama miaka imepita mingi mno, kuna mamlaka ya fedha zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo hupokea fedha ambazo wenyewe hawakujitokeza. Kuulizia huko hakuhitaji wakala. Mtu akiwaambia, "Nipeni kitu kidogo nitawatolea pesa haraka," mwambieni asante, mshike njia.

Jambo jingine linalosumbua wengi ni majina. Kadi ya kazi ya kwanza ina jina la ubatizo na la baba, kitambulisho kina majina mengine, na cheti cha ndoa kina herufi zilizokosewa. Mtu akiwa hai, jambo hili hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Mtu akiisha kufa, huwa mlima kwa mjane. Rekebisheni sasa. Na cheti cha ndoa kitafuteni, mkiweke pamoja na daftari.

KUUNGANISHA AU KUACHA?

Mkishajua vipande viko wapi, ndipo mjiulize kama vikusanywe katika kikapu kimoja. Sheria inaruhusu anayeacha kazi kuhamisha akiba yake kwenda mfuko wa mwajiri mpya, au kwenda mfuko wa mtu binafsi uliosajiliwa. Faida yake yaonekana. Kila mfuko una gharama za usimamizi, na kipande kidogo kilichosahauliwa huliwa polepole na gharama hizo. Tena ni rahisi kufuatilia mahali pamoja kuliko mahali patano.

Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Mifuko mingine ya zamani, hasa ya mashirika makubwa, humwahidi mwanachama kiasi fulani cha pensheni kufuatana na miaka aliyofanya kazi na mshahara wake. Ahadi ya namna hiyo ukiiacha hairudi. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha chochote, ulizeni kwa maandishi maswali matatu: Je, mfuko huu una ahadi ambayo tutaipoteza? Gharama za kuhamisha ni kiasi gani? Huko tunakokwenda, gharama za kila mwaka ni kiasi gani? Msiposikia jibu lililo wazi, subirini.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huipenda, nayo ni kuchukua. Anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu huruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba yake. Ndugu yangu, najua karo ni nyingi na ugonjwa haupigi hodi. Hatuwahukumu waliochukua kwa sababu mtoto alikuwa kitandani. Lakini mkulima anayekula mbegu kila njaa inapobisha, mvua ikinyesha hana cha kupanda. Anayechukua kipande kila anapobadili kazi atafika miaka 60 akiwa na barua nyingi za kazi na mikono mitupu. Na kama ni lazima kuchukua, basi kichukuliwe kwa kauli ya wawili. Kisichukuliwe na mmoja, mwingine akaja kusikia sokoni.

JINA LA NANI LIMEANDIKWA?

Sasa tumefika kwenye kiini cha neno letu. Watu wengi hudhani kwamba mtu akifa, pensheni yake hugawanywa kama shamba na ng'ombe. Sivyo. Sheria ya mwaka 1997, kama ilivyorekebishwa, inasema mafao ya mwanachama aliyefariki hayahesabiwi pamoja na mirathi yake. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko, wakiangalia fomu aliyojaza mwanachama. Hata ukiandika wosia mzuri na kuufungia kwa wakili, ile fomu ya zamani uliyoijaza ukiwa kijana huko kiwandani bado inazungumza.

Basi, baba, jiulize. Fomu zako zinasema nini? Mama, zako je? Siku ile mlipoinuka mbele ya altare mkapeana mikono, mlisema maneno mazito mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya. Je, karatasi zenu zinajua kwamba siku hiyo ilikuwapo? Au kwa karatasi hizo wewe bado ni kijana asiye na mke, binti asiye na mume?

Mume mmoja aliwahi kulijibu jambo hili kwa hasira. "Nikiandika jina lake," alisema, "ndugu zangu watasema nimetawaliwa na mwanamke. Na mama yangu je?" Hofu yake naielewa. Mama aliyekuzaa ana haki ya kuheshimiwa, na amri ya nne haikufutwa siku ya harusi. Lakini Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba mtu atatoka kwa baba na mama yake, awe mwili mmoja na mkewe. Kutoka si kutupa. Fomu hizo kwa kawaida zina nafasi ya kuandika zaidi ya jina moja, na fungu la kila mmoja. Mnaweza kukubaliana, "Fungu hili la mke, hili la watoto, hili la mama mzazi akiwa bado hai." Tofauti ni kwamba mama huyo atapata kwa upendo uliokubaliwa na wawili, wala si kwa siri itakayowagombanisha mke na mavyaa mbele ya kaburi bichi.

Na kama kuna mtoto uliyempata kabla ya ndoa, au jambo jingine lolote ambalo mwenzako halijui, usingoje liandikwe kwenye fomu yeye akalisome baada ya mazishi. Lisemwe leo. Machozi ya leo yana mtu wa kuyafuta.

Akina mama nao wasicheke upande. Wako wanaoficha akiba ya sacco na pensheni ya hospitalini kwa kusema, "Mwanamume akijua, zitaisha." Pengine kuna sababu. Kama mumeo ni mlevi au mchezaji kamari, kulinda chakula cha watoto si dhambi. Tafuta ushauri wa padri au wa wanandoa wazee katika jumuiya. Lakini kama sababu ni mazoea tu, ya kwamba changu ni changu na chake ni chetu, basi hapo ndoa ina ufa, na ufa huo hauzibwi na pesa.

SIKU YA KUCHAGUA

Umri wa kustaafu kwa watumishi wengi wa umma ulitoka miaka 55 kuwa 60 mwaka 2009, na NSSF nayo humlipa mwanachama akifikisha miaka 60, au mapema kuanzia miaka 50 akiwa ameacha kazi. Siku hiyo utaulizwa maswali, na majibu mengine hayafutiki.

Mifuko mingine hulipa akiba yote kwa mkupuo. Mingine huruhusu kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili zinazobaki hutumiwa kununua malipo ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima, au huwekwa katika mfuko wa kuchota kidogokidogo. Hapo kwenye malipo ya kila mwezi tuliza macho. Kuna malipo ya mtu mmoja, na kuna malipo ya wawili. Malipo ya mtu mmoja ni makubwa kidogo, na yanavutia. Lakini siku mwenyewe akifa, hukatika, isipokuwa kama kulikuwa na muda uliohakikishwa na haujaisha. Malipo ya wawili ni madogo kidogo, lakini mmoja akitangulia, aliyebaki huendelea kulipwa kiasi walichokubaliana. Kwa kawaida chaguo hili likiisha kutiwa sahihi, halibadilishwi.

Ewe mume unayekwenda kutia sahihi, usiende peke yako. Hizo shilingi chache za ziada kila mwezi zinanunuliwa kwa uzee wa mkeo. Nawe mke mwenye pensheni, hesabu ni hiyohiyo.

Kuhusu kodi, kuna habari njema. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mafao kutoka mfuko uliosajiliwa hayatozwi kodi ya mapato kwa anayefikisha umri wa kustaafu kwa kanuni za mfuko wake, anayestaafu kwa sababu ya ugonjwa, au aliyekuwa mwanachama wa mfuko kwa miaka 20. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoharakisha kuchukua kabla ya wakati, na ya kutunza karatasi zinazoonyesha mlijiunga lini.

Mkupuo nao una majaribu yake. Mtu hupokea pesa ambazo hajawahi kuzishika, na ghafla marafiki wanazaliwa. Mmoja ana ploti ya bei rahisi, mwingine ana biashara inayozaa mara mbili kwa miezi mitatu. Wekeni sharti moja nyumbani: kwa miezi sita ya kwanza, hakuna shilingi ya kiinua mgongo inayotoka bila sahihi mbili, hata kama benki inahitaji moja tu.

KWA WASIO NA KIPANDE

Najua baadhi yenu mmesoma mpaka hapa mkisema, "Haya ni ya wenye mishahara." Fundi wa jua kali, mama mboga, mkulima wa chai, msichana wa kazi aliyelea watoto wa wengine miaka 20: wengi hawana hata kadi moja. Msione haya, wala msikate tamaa. NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, kwa mpango wake wa Haba Haba, na ipo mifuko ya watu binafsi iliyosajiliwa. Ukianza na miaka 45 si sawa na kuanza na 25, lakini ni bora kuliko kutoanza. Nanyi wenye wafanyakazi wa nyumbani, kumbukeni kwamba ninyi ni waajiri. Usiulize habari za pensheni yako kwa uchungu, huku mchango wa yule anayekupikia hujaupeleka.

Na sisi sote, wenye vipande na wasio navyo, tusisahau yule tajiri wa Injili ya Luka aliyepanga kujenga maghala makubwa, kumbe usiku uleule roho yake ilikuwa inatakiwa. Kosa lake halikuwa kuweka akiba, kwa maana Yosefu naye aliweka akiba kule Misri, akaokoa watu. Kosa lake ni kwamba katika mipango yake yote alijisemea mwenyewe tu. Hamkuwa na mke, hamkuwa na jirani, hamkuwa na Mungu.

Akiba yenu isiwe hivyo. Daftari lenu liwe na majina mawili juu yake.

MASWALI YA KUJADILIANA JIONI HII

1. Je, naweza kutaja kazi zote ambazo mwenzangu amewahi kufanya? Zipi sizijui?

2. Katika kila mfuko, jina la mrithi ni la nani? Tutakwenda lini kulibadili lile lisilofaa?

3. Ni siri gani ya fedha ambayo nimeiogopa kuisema? Nikifa usiku wa leo, mwenzangu ataisikia kwa nani?

4. Mmoja wetu akitangulia, aliyebaki ataishi kwa nini, na atakaa wapi?

SALA

Ee Mungu wetu, umetupa mikono ya kufanya kazi na umetupa sisi kwa sisi. Utusamehe yale tuliyofichana. Utupe moyo wa kukusanya kilichotawanyika, ulimi wa kusema kweli, na macho ya kumwona mwenzetu katika uzee wake kabla haujafika. Uwafariji wajane na wagane wanaopanda ngazi za ofisi wakitafuta haki yao. Mtakatifu Yosefu mfanyakazi, uliyeitunza nyumba ya Nazareti kwa jasho lako, utuombee. Amina.

Mungu aibariki nyumba yenu. Na daftari lile, msilinunue kesho. Linunueni leo.